Nani Alimtisha Kijani?

Saa moja na nusu asubuhi, na Bi Mizani bado haamini kwamba mgeni wake, mwandishi wa gazeti, amenawa mikono.

"Umenawa kwa sabuni au umelowesha tu?" anauliza, amejaa mlangoni. "Viatu viache huko nje. Leo umegusa mbwa mwingine? Jana je?"

Akishajibiwa, anamkazia mgeni macho kwa muda, kama bado anayapima yale majibu, kisha anaondoa ubao unaoziba mlango. Watoto sita wa mbwa wanakuja mbio, wanateleza, wanagongana, wanang'ang'ania ncha za suruali.

Chumba hiki zamani kilikuwa cha kulala cha watoto wake wawili, ambao sasa wana nyumba zao. Sakafu ni viraka vitupu: hapa magazeti, pale kipande cha zulia, huku gunia, na karibu na dirisha bati linalopiga kelele kila likikanyagwa. Kwenye kona kuna cherehani. Chini ya cherehani amelala mama wa hao sita, mbwa wa rangi ya kahawia anayeitwa Shangazi, kwa sababu hakuna jambo la nyumba hii asiloliingilia.

Bi Mizani anamwinua wa kwanza na kumkalisha kwenye beseni juu ya mizani, ile ya zamani ya kupimia sukari dukani. Kila mtoto ana utepe shingoni, umekatwa kwenye mabaki ya vitambaa vya wateja, na jina lake ni rangi ya utepe wake.

"Zambarau, kilo tano kasoro robo. Jana alikuwa zaidi." Anaandika kwenye daftari, kisha anawageukia wale watano wengine na kuwatazama mmoja mmoja, kama kuna atakayekiri. "Nani kamnyima mwenzake?"

Hakuna anayekiri.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina jingine. Ana miaka hamsini na minane, ameshona sare za shule kwa zaidi ya miaka thelathini, na bado anashona. Ila kwa miaka kumi na mmoja sasa, mara moja kwa mwaka, cherehani hupunguza kasi kwa sababu nyumbani kuna wachanga.

"Kuzaa ni kazi ya mama yao," anasema. "Kazi yangu ni kuwafanya wasiiogope dunia kabla hawajatoka kwenda kuiona."

Anaeleza kwamba tangu wiki ya tatu, mtoto wa mbwa hufungua macho na masikio kwa kila kitu, na anachokizoea wakati huo hukiona cha kawaida maishani. Kinachompita, au kinachomuumiza, huja kuwa tabu baadaye. Kwa hiyo yeye huwaletea dunia chumbani kidogokidogo. Mwavuli unaofunguka. Sufuria inayoanguka. Fimbo ya kutembelea. Miwani mikubwa. Cherehani ikinguruma saa nzima huku wao wanalala.

Mume wake, fundi rangi mstaafu, ana kazi moja tu: kila siku aingie na kofia tofauti.

"Jumatatu nilikuwa askari, Jumanne nikawa mpishi," anasema mzee huyo akicheka. "Juzi nimevaa kofia ya harusi ya dada yake. Shangazi alinibwekea, watoto hata hawakushtuka."

Watu wengine hutoa watoto wa mbwa wakiwa na wiki nane. Bi Mizani hukaa nao hadi ya kumi, na hata hapo si kila anayekuja huondoka na mbwa. Kuna karatasi ya maswali ishirini na matatu. Mbwa atalala wapi? Nani atakuwa nyumbani mchana? Ukisafiri? Akitafuna kiatu utafanya nini? Akitafuna kiatu cha pili?

"Anayejibu haraka haraka namwogopa," anasema. "Majibu matamu hayo kayafanyia mazoezi."

Ana sababu yake. Katika uzao wake wa pili alikuja bwana mmoja nadhifu, sauti ya upole, akasema anamtafutia mama yake mwenzi wa kukaa naye. Bi Mizani akampa dume bora kuliko wote. Miaka miwili baadaye, akienda kununua vifungo, alimkuta mbwa yule nyuma ya gereji, amefungwa kwa mnyororo mfupi hata hawezi kulala vizuri. Mbwa alimtambua kabla yeye hajamtambua. Alirudi naye nyumbani siku hiyo hiyo, na mbwa akaishi miaka minne kando ya cherehani mpaka alipokufa.

"Tangu hapo, mtu akinichekea sana, mimi nahesabu meno."

Leo ni siku ya kwanza ya wiki ya kumi. Mezani kuna karatasi sita za maswali, tano zimeshatiwa sahihi. Ya sita ni ya Kijani, na haijulikani kama itatiwa. Mwenye kuamua atafika saa kumi jioni. Habari yenyewe ilianza mwezi na nusu uliopita.

Watoto walipokuwa na wiki nne, alikuja mwanamke mmoja wa makamo, mtunza jengo la ghorofa saba. Kazi yake ni kupanda na kushuka ngazi kutwa, akikagua mabomba, taa na milango, na alitaka mbwa wa kutembea naye. Kiunoni alikuwa na pete ya chuma yenye funguo zaidi ya arobaini. Akitembea, zinalia kama njuga.

Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, na kabla hajaulizwa swali la kumi, Kijani alikuwa amepanda juu ya unyayo wake na kulala fofofo.

"Huyu ndiye," alisema mtunza jengo.

Bi Mizani alimpenda, jambo ambalo halimtokei mara nyingi. Wakakubaliana arudi baada ya wiki tatu.

Katikati hapo Kijani alipata ajali ndogo. Alijichana sikio kwenye kona ya bati, kidonda kikatunga usaha, na daktari wa mifugo akaacha dawa ya kuoshea. Asubuhi na jioni, siku tisa mfululizo, Bi Mizani alifungua kabati lake la dawa lililo chumbani humo, akamshika Kijani kwa nguvu magotini na kumsafisha huku mtoto analia. Dawa ilikuwa inachoma. Sikio likapona bila hata alama, na Bi Mizani akalisahau.

Mtunza jengo aliporudi, watoto wakiwa na wiki saba, alivuka ubao wa mlangoni, funguo zikalia. Watano wakamkimbilia. Kijani akapiga ukelele, akajikojolea palepale, akajichimbia nyuma ya mama yake.



"Huyu kapigwa," alisema mtunza jengo.

"Kapigwa? Humu ndani?" Bi Mizani alishika kiuno. "Na nani?"

"Hilo ndilo nakuuliza wewe, mama. Mwezi huu alilala mguuni kwangu, na funguo ni hizi hizi." Mwanamke yule aliinuka, akajipangusa sketi. "Umeniuliza maswali ishirini na matatu, nikajibu yote. Mimi nina moja tu. Nani kamtisha huyu mtoto? Ukilipata jibu, niite. Simchukui nikiwa sijui kilichompata, nisije nikamwongezea."

Katika miaka kumi na mmoja, hakuna aliyewahi kumsimamisha Bi Mizani kizimbani nyumbani kwake mwenyewe. Usiku ule, mume wake anakumbuka, hakugusa chakula.

Asubuhi yake, kila mtu alikuwa mtuhumiwa, na mume alikuwa wa kwanza.

"Aliniuliza kama nimewahi kuwapiga na kofia," anasimulia mzee. "Nikamwambia, mke wangu, tumeoana miaka thelathini na minne, umewahi kuniona nimempiga hata nzi? Akasema, nzi umempiga mwaka juzi."

Kisha akaja kwenye unga. Kabla ya kwenda sokoni, Bi Mizani alinyunyiza unga mwembamba kwenye sakafu ya korido, mbele ya mlango wa watoto, ili anayeingia kwa siri aache nyayo. Alifanya hivyo siku nne. Kila akirudi alipiga magoti na kukagua. Nyayo alizozikuta ni za ndala zake mwenyewe, zile alizoacha akitoka.

"Ungedhani ningeelewa hapo," anasema, akitikisa kichwa. "Mimi nikasema, kumbe mwizi huyu mjanja, anaruka."

Fikra zake zilishatua kwa mtu mmoja. Uani kwake kulikuwa na chumba alichompangisha mlinzi wa shule, kijana wa miaka thelathini na kidogo, mkimya, asiye na wageni. Kila jioni alirudi na funguo za madarasa zinaning'inia kwenye mkanda, akapita chini ya dirisha la watoto kwenda chumbani kwake. Funguo. Dirisha. Ukimya. Kwa Bi Mizani, hesabu ilikuwa imekamilika.

Na kusema kweli, hakuwahi kumwamini. Siku alipohamia, mama huyu alimwambia mambo mawili: kodi ni mwanzo wa mwezi, na mbwa wasiguswe. Siku hiyo hiyo alitia kufuli kwenye kabati la dawa.

Ijumaa jioni alimngoja uani.

"Mwanangu, nakuuliza mara moja tu. Unawafanya nini watoto wangu nikiwa sipo?"

Mlinzi alisimama, mkono kwenye kitasa. "Watoto gani, mama?"

"Usinizungushe. Mmoja akisikia funguo anajikojolea. Nani mwingine ana funguo hapa?"

"Mama, mimi mbwa wako sijawahi hata kuwagusa. Uliniambia nisiwaguse, sikuwagusa. Wanalia nikipita, wanataka kucheza, nami napita tu kama kiziwi."

"Basi ni jini."

Mlinzi aliachia kitasa. Hakupandisha sauti. "Mimi nalinda watoto wa watu mia nne kila siku," alisema. "Hakuna mzazi aliyeniuliza hivyo."

Jumapili alihama. Alibeba godoro, jiko na begi moja, akaacha chumba kimefagiwa na ufunguo juu ya dirisha. Bi Mizani alimtazama kupitia pazia na kusema, kwa sauti ya kusikika, "Angekuwa hana hatia asingekimbia."

Jumanne, saa tano asubuhi, ilikuwa zamu ya dawa ya minyoo. Aliwakuta wote wamelala, wamelundikana kwenye tumbo la Shangazi. Alitoa funguo mfukoni, akafungua kufuli la kabati.

Kijani aliruka kutoka usingizini kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akapiga ukelele ule ule, na dimbwi likatanda chini yake.

Bi Mizani alibaki na mkono hewani. Alifunga kufuli, akahesabu hadi ishirini, akafungua tena. Mtoto akajibana ukutani, mwili wote unatetemeka. Alichukua kijiko, akakigonga kwenye sufuria. Kijani hakujali. Alitikisa funguo kidogo tu, na mtoto akaanza kulia.

Siku tisa. Asubuhi na jioni. Kufuli linalia, kisha mikono inamkamata, kisha moto kwenye sikio.

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kofia ya mpishi, maana ilikuwa Jumanne. Alikuwa ameona yote.

"Mpangaji hayupo, mama watoto," alisema polepole.

"Najua hayupo!" Kisha akakaa sakafuni, kwenye magazeti yaliyolowa. "Ni mimi. Ni mimi, mzee. Na kufuli lenyewe nililitia kwa ajili yake yeye."

Anaposimulia hapa, Bi Mizani anasimama, anatoka nje kidogo, anarudi na kitambaa mkononi. "Endelea kuandika," anasema. "Usiache hapo pabaya tu."

Saa nane mchana siku ile alikwenda kwenye geti la shule. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, akasema haya tu.

"Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusingizia. Aliyemtisha ni mimi mwenyewe, kwa dawa na kufuli."

Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, macho yake yako kwenye geti. "Nimekusamehe, mama," alisema. "Ila kurudi, sirudi. Mahali ulipodhaniwa hivyo, ukilala unasikiliza mlango."

"Sikulaumu."

Kengele ikalia ndani, kelele za watoto zikaja na kuisha.

"Na mtoto mwenyewe, kapona?" aliuliza mlinzi.

"Hajapona. Daktari nimempigia simu, anasema anahitaji mtu mwenye funguo, mpole, ambaye si mimi. Mimi akiniona nazo tu, anajua kinachofuata."

Mlinzi alikaza midomo, lakini kicheko kilimponyoka. "Kwa hiyo sasa ndiyo mnanitaka na funguo zangu."

Alikuja kesho yake, baada ya zamu, na siku nyingine kumi na moja zilizofuata. Siku za mwanzo funguo zilikuwa ndani ya soksi, na soksi ndani ya taulo, na yeye mwenyewe amekaa mwisho kabisa wa uani. Kila zikitoa mlio hafifu, kipande cha ini lililochemshwa kilirushwa karibu na Kijani. Mlio, ini. Mlio, ini. Hakuna aliyemshika wala kumwita.

Siku ya tano taulo liliondolewa. Siku ya sita funguo zilimponyoka mlinzi zikaanguka kwenye saruji, na Kijani akapotelea nyuma ya pipa hadi jioni. Walirudi kwenye soksi na taulo, wakaanza upya. Daktari wa mifugo alikuwa ameonya: harakisha, na utamharibu moja kwa moja.

"Nilikuwa nachungulia dirishani," anakiri Bi Mizani. "Nikimwangalia huyo mlinzi mikono yake. Hata hapo, mwanangu, hata baada ya yote. Tabia haitoki kwa siku moja."

Siku ya tisa Kijani alikwenda mwenyewe, tumbo linafagia ardhi, akanusa chuma, akapiga chafya, akasubiri ini lake.

Sasa ni saa kumi jioni. Mtunza jengo amefika na kuketi kwenye kiti, funguo zake amezishika kwa kiganja zisilie. Mlinzi amesimama mlangoni. Mzee hana kofia leo.

"Haya, mama," anasema mtunza jengo. "Umempata?"

"Nimempata." Bi Mizani anaketi sakafuni, mbele yake. "Ni mimi."

Anaeleza lote, bati, sikio, kabati, unga, mpangaji. Hapunguzi kitu. Mtunza jengo anauliza: siku ngapi? Dawa gani? Ulimshikaje? Bi Mizani anajibu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi, mikono magotini.

Mtunza jengo anasukuma kiti nyuma. Kisha anainuka, anaachia funguo, anatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Zinalia zote arobaini na ushee.

Masikio ya Kijani yanalala nyuma. Anashuka mwili. Mtoto anatazama mlango, anamtazama Shangazi, kisha anapiga hatua moja mbele, ya pili, anakaa chini umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mguu wa mtunza jengo. Anatetemeka kidogo. Haondoki.

"Bado anaogopa," anasema mtunza jengo.

"Bado," anasema Bi Mizani. "Sitakudanganya. Lakini anabaki."

"Kwangu atazisikia mara mia kwa siku."

"Basi ini liwe mara mia," anasema mlinzi kutoka mlangoni, na mtunza jengo anacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Anaomba kalamu. Kabla ya kutia sahihi anasoma karatasi yote, swali kwa swali, na kwenye lile la kiatu cha pili anaandika kwa mkono wake: nitanunua makubadhi.

Kijani anaondoka ndani ya kapu, na kipande cha gunia alilolalia pamoja na mama yake. Shangazi anawasindikiza hadi getini, ananusa kapu, anageuka na kurudi zake ndani kwa wale watano.

Bi Mizani anasema uzao ujao, Mungu akijalia, utakuwa mwakani, nao hatawafungia tena. Anataka kila Alhamisi majirani waje uani, wazee kwa wadogo, wawashike na kuwanusisha mikono yao, hata wale asiowapenda. Mlinzi ameahidi kuja tangu wiki ya tatu. Chumba cha uani bado kitupu. Amemuuliza mara mbili kama atarudi kupanga, na mara mbili amekataa kwa upole.

"Sitamuuliza ya tatu," anasema. "Akija kwa mbwa, inatosha."

Kisha anasogea karibu na kushusha sauti. "Ila kesho nitapita pale kwenye jengo. Sitamwambia kama nakwenda. Nataka nione huyo mtoto analala wapi."

Asichokijua ni kwamba mtunza jengo, akitoka na kapu lake, alisimama kidogo getini na mume wake.

"Najua mama kesho atakuja kuchungulia; mhimize afike kabla ya saa tatu, ila usimwambie kwamba najua," alisema. "Baada ya hapo nakuwa juu ghorofani, atatusubiri sana."

Mzee amemwahidi kutosema neno.